Marehemu Aliyemsindikiza Mgonjwa

Watu wengi hujiunga na huduma ya magari ya wagonjwa kwa kujitolea wakiwa na picha moja vichwani: king'ora kinalia, magari yanapisha, nao wanashuka na mkoba begani huku umati ukiwapa njia. Siku ya kujiandikisha hakuna anayekudokezea kwamba mhudumu mpya, kabla hajaruhusiwa kumgusa mgonjwa wa kweli, huwa yeye mwenyewe ndiye mgonjwa. Wenzake wakijifunza kufunga mfupa uliovunjika, mguu ni wake. Wakijifunza kuvalisha kola ya shingo, shingo ni yake. Mahali pekee aliponusurika ni kwenye kubana kifua, kwa kuwa mtu ambaye moyo wake unapiga habanwi kifua, hata kwa mazoezi. Kazi hiyo ni ya mwanasesere, ambaye hupokea mibano 30 kwa kila pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika na kina cha sentimita 5 hadi 6, kisha hurudishwa sandukuni akapumzika. Mimi sikuwa na sanduku.

Katika zoezi kubwa la maafa nilipewa nafasi ya majeruhi asiyepumua. Mkufunzi alinimwagia sharubati nzito ya sukari iliyotiwa rangi nyekundu, kuanzia utosini hadi kifuani, akanilaza kando ya barabara ya kiwanja cha mazoezi na kunisihi nisiharibu uhalisia. Mwanafunzi mwenzangu akaja mbio, akakiinua kidevu changu ili kufungua njia ya hewa kama tulivyofundishwa, akasikiliza, asisikie kitu, kwa sababu nilikuwa nimebana pumzi kwa bidii ya kusifika. Katika utaratibu wa kuwapanga majeruhi wengi, nyekundu ni wa kuhudumiwa kwanza, njano anaweza kusubiri kidogo, kijani anatembea mwenyewe, na nyeusi ni yule ambaye hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa hapumui. Akanifunga kadi nyeusi mkononi na kwenda kwa mwingine.

Ubaya wa kadi nyeusi ni kwamba baada ya hapo hakuna anayekutazama tena isipokuwa nzi, ambao kwa sharubati ile walinichukulia kama karamu. Nilikuwa katikati ya kuvumilia mmoja puani wakati simu ya kweli ilipoingia: mzee mmoja ameteleza kwenye ngazi, kifundo cha mguu kimevimba, hawezi kukikanyagia. Gari lililokuwa tayari lilipungukiwa na mtu mmoja wa kusaidia kubeba machela, na miongoni mwa wote waliokuwapo kiwanjani mimi marehemu ndiye niliyekuwa karibu zaidi na mlango wake. Dereva alinivuta ndani akisema kuwa nitajifuta njiani. Sharubati iliyokaa juani haifutiki kwa pamba kavu. Huota manyoya tu.

Yule mzee alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini akiwa ametulia kabisa, mpaka aliponiona. Alinitazama kwa muda, akaitazama machela, kisha akaanza kujikongoja kuinuka.

"Mwanangu, lala wewe," akasema. "Mimi ni mguu tu."

"Mzee, mimi sijaumia. Ni zoezi."

"Ndivyo walivyo walioumia sana, hawasikii maumivu."

Tulimbembeleza hadi akakubali kulazwa na kufungwa mikanda, lakini kwa sharti kwamba nikae mahali anaponiona. Njia nzima alinishika mkono, na kila nilipofumba macho kwa ajili ya rangi iliyokuwa ikichuruzika, alinitikisa na kuniamuru nisilale. Nilimpima mapigo ya moyo yakawa 76, shinikizo la damu likawa zuri kuliko langu la siku zote. Kwa haki, kati yetu wawili, mhudumu alikuwa yeye.

Kwenye mlango wa idara ya dharura muuguzi wa mapokezi alimpita mzee na kunikamata mimi. Nilimweleza kwamba mimi ni mhudumu. Akanijibu, "Sawa kaka, tulia," kwa sauti ile ile ambayo sisi hufundishwa kuwatulizia watu waliochanganyikiwa. Akanipima mapigo yakawa 118, jambo lisilo la ajabu kwa mtu aliyetoka kubeba machela akibishana, lakini kwenye karatasi lilisomeka vibaya. Ndipo akaiona kadi.

"Nani amempa kadi nyeusi mtu anayezungumza?" akafoka, na watu watatu wakaja mbio.

Wakanilaza. Shati la sare, ambalo nililipokea kwa kutia saini, likapasuliwa kwa mkasi kutoka kiunoni hadi shingoni. Walipokosa jeraha mbele wakanigeuza kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili katika mstari mmoja, walitafute mgongoni. Muuguzi akaanza maswali ya kupima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, ambacho humpa mtu timamu alama 15, na 5 kati ya hizo ni za maneno yake.

"Unakumbuka kilichotokea?"

"Ndiyo, sista. Nilikufa saa tatu asubuhi."

Nikapewa 4 za maneno.

Mzee, kutoka kitanda cha pili, aliona ni wajibu wake kutoa ushahidi kwamba tangu tulipokutana nimekuwa nikikana kwamba nimeumia na kwamba njiani nilitaka kulala. Wakati huo muuguzi alikuwa akiitazama glavu yake iliyonata. Akainusa. Nikashusha pumzi, nikidhani nimeokoka.

"Ananukia sukari," akasema. "Mpimeni sukari haraka."

Wanaotumia kipimo cha kidoleni wanajua kwamba kidole kilichoshika kitu kitamu kisipooshwa vizuri hutoa majibu ya uongo, kwa sababu kipimo husoma tone la damu pamoja na kilichobaki kwenye ngozi. Changu kilikuwa kimelowa sharubati tangu asubuhi na kilipanguswa mara moja tu. Kile kipimo hakikutaja hata namba. Kiliandika kwamba kiwango kimepita uwezo wake wa kupima. Dripu ikaagizwa. Niliomba maji na sabuni kwa sauti ambayo, ninakiri, haikuwa ya mtu mwenye alama 15.

Walikuwa wamekubali kuniosha kidole na kupima upya, namba ikawa 5.4, ya kawaida kabisa, na chumba kizima kikiwa kinaitazama namba ile kwa mashaka, dereva wetu alipoingia kutafuta blanketi la machela. Redio ya kiunoni mwake ilikuwa wazi, na mkufunzi wetu alisikika na kila mtu:

"Tumehesabu majeruhi wote, imepungua maiti moja. Kama mmeichukua nyinyi, tafadhali irudisheni kabla ya chakula cha mchana."

Muuguzi akaniangalia, akaiangalia kadi, kisha akamuuliza dereva kama maiti hiyo inahitaji barua ya kuruhusiwa.