Akinyamaza, Tunadhani Anaumwa

Kwa Kiswahili, kusema mtu "ana mawazo" ni kumwonea huruma. Hatumaanishi kwamba anafikiri. Tunamaanisha kuna jambo linamtafuna. Neno upweke nalo linawabeba pamoja aliyekimbiwa na watu na aliyejifungia kwa hiari ili awaze jambo hadi mwisho. Huyu wa pili akikataa mialiko miwili, ataambiwa anaringa, au ataulizwa kama mzima.

Wanaomhofia wana hoja. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulihusisha kujihisi mpweke na ongezeko la asilimia 26 la uwezekano wa kufa mapema. Kutengana na watu, asilimia 29. Si takwimu za kupuuza. Ila jioni tatu za ukimya, kwa mwenye ndugu na rafiki, ni jambo jingine kabisa.

Takwimu inayonisumbua mimi ni ya mwaka 2014. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwaacha watu chumbani, mmoja mmoja, bila simu wala kitabu, kwa dakika 15. Palikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti waliyokwisha kuionja na kusema wangelipa hela waiepuke. Wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza. Wanawake, 6 kati ya 24. Mmoja alijipiga mara 190! Nikigawanya, ni zaidi ya mara 12 kila dakika. Sijui alipata wapi hata nafasi ya kuchoka. Halafu anayekaa na akili yake kutwa nzima ndiye tunayemshuku.

Sisemi kujifungia kunatosha. Andrew Wiles, mwanahisabati Mwingereza, alihangaika na nadharia ya mwisho ya Fermat, fumbo la hisabati lililokuwa halijathibitishwa, kwa takriban miaka saba, karibu yote kwa siri. Alipotangaza uthibitisho wake mwaka 1993, waliokagua wakakuta ufa. Akamwita mwanafunzi wake wa zamani, Richard Taylor, wasaidiane, na mwaka 1994 ukazibika. Wanaomtaja kama onyo huiruka ile miaka saba, kana kwamba palikuwa na cha kukagua bila hiyo.

Mwenye kunitia wasiwasi ni yule ambaye wazo lake la leo ni lilelile la mwezi jana, neno kwa neno, na kila likirudi linamchoma zaidi. Huyo agongewe mlango, hata akikasirika.