Leza ya kupunguza mafuta: asilimia 24 ya nini?

Matangazo ya leza ya kupunguza mafuta bila kisu hupenda kutaja asilimia 24. Tarakimu hiyo si ya kubuni, ila ni sehemu ya unene wa mafuta yaliyo chini ya ngozi, pale tu kifaa kilipowekwa. Si asilimia ya uzito wa mwili. Mwenye mafuta ya sentimita 3 ubavuni atapungukiwa na milimita 7 hivi, tena mambo yakimwendea vizuri. Mizani haitashtuka, suruali huenda ikafungika.

Hata hivyo si utapeli. SculpSure, mtambo ulioidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa ajili ya tumbo na ubavu, hutumia leza ya nanomita 1060 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Vichwa vyake, hadi vinne kwa mpigo, hufungwa mwilini kwa dakika 25. Dakika 4 hivi za mwanzo ni za kupandisha joto; zilizobaki mafuta huwekwa kwenye nyuzi 42 hadi 47, huku kioo kinachogusa ngozi kikipozwa. Seli zilizoathirika hufa na mwili huziondoa polepole, kwa hiyo tofauti huonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Kwa wenye ngozi nyeusi kuna nafuu: melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, hainyonyi sana mwanga huo, tofauti na ule wa nanomita 755 unaotumika kuondoa nywele.

Kichwa cha mashine kikikaa upande, ubaridi haufiki sawasawa na ngozi huweza kuungua. Ndiyo maana mteja hapakwi ganzi: akisema inachoma, mhudumu anajua apunguze nguvu. Mhudumu anayewasha mashine na kwenda zake hafai. Joto likizidi huko chini, hubaki vinundu vigumu, vingine kwa wiki kadhaa.

Leza baridi, yaani isiyopasha mafuta joto, mfano Zerona ya nanomita 635, haiui seli. Inadaiwa huzitoboa zikamwaga mafuta. Sawa, lakini mafuta hayo yasipotumika, mwili utayahifadhi tena. Ushahidi wake ni hafifu, na bei yake haitetewi na ushahidi huo.

Mwenye kitambi kigumu asitoe hela kabisa. Simama, bana nyama ya tumbo kwa vidole viwili: usiposhika walau sentimita 2, basi mafuta yako mengi yamezunguka utumbo. Leza haifiki huko, wala upasuaji wa kunyonya mafuta haufiki.