Breki ya kushoto

Mimi ni fundi baskeli. Nasema mapema, usije ukadhani aibu hii ilimpata mtu asiyejua pedeli iko wapi. Chini ya mwembe wangu hapa Wete, Pemba, nimeziba pancha zisizo idadi, nimenyoosha rimu zilizopinda kama ndizi, na kuna Phoenix ya mzee mmoja wa Gando nimeitengeneza mara nyingi mpaka kilichobaki cha asili ni kengele.

Wageni walifika mwezi wa tisa, mji mzima umeanikwa karafuu. Msimu ukipamba moto, Wete kila penye jua pana jamvi: uwanjani, mbele ya baraza, ukingoni mwa lami. Mtu unapita kwa kuomba njia. Walikuwa mume na mke kutoka Uholanzi, na kijana wetu mmoja akiwatembeza. Wametoka Chake, wanakwenda msitu wa Ngezi kuwaona popo. Kila mmoja na baskeli yake ya milimani: ya mke ya kawaida, ya mume ya umeme. Ya mke ilikuwa imekula mwiba.

Nikaipindua, nikafungua tairi. Ndani hamna mpira! Nikatia vidole nizungushe nione umejificha wapi, badala yake likanimwagikia tui. Wallahi, tui jeupe, zito, la kwanza kabisa, likatiririka mpaka kwenye kandambili. Watoto wakapiga kelele: "Fundi anaikama baskeli!"

Kumbe matairi yale ndivyo yalivyo. Hayana mpira, yanatiwa utomvu, na mwiba ukitoboa, utomvu unakimbilia tundu na kuganda hapo. Kazi yangu ilikuwa kulizungusha gurudumu kidogo, nipige upepo, nichukue pesa yangu. Mimi nimeshaumwaga wote mchangani. Yule mama akanitazama, hakusema kitu, akatoa mpira wa akiba begini, tukautia. Pesa sikudai.

Siku ingeishia hapo ningekuwa na aibu moja tu. Lakini fundi ukishaaibika mbele ya watu, unatafuta mahali pa kujikomboa, na ile ya umeme ilikuwa imeegemea mwembe inaning'ong'a.

Nikaanza kwa kuzipima. Ya mke niliinyanyua kwa mkono mmoja; kilo 13, akaniambia. Ya mume nilipoishika nilidhani imefungwa kwenye mzizi. Kilo 24! Betri imefichwa ndani ya bomba la fremu, mota iko pale penye pedeli, nene kama tumbo la chewa. Nikauliza nguvu yake. Wati 250. Nikacheka kimoyomoyo, maana blenda ya jirani yangu anayeuza juisi ya ukwaju inaishinda. Mume akanieleza kwamba haiendi mpaka ukanyage. Ndani kuna kitu kinachousikia mguu: ukikanyaga kidogo nayo inasaidia kidogo, ukikanyaga kwa nguvu nayo inatia nguvu. Ukifika kilomita 25 kwa saa inakuachia uende mwenyewe, ndiyo sheria ya kwao Ulaya.

Mke akadakia neno, mume akajibu, mke akajibu jibu. Kiholanzi sikijui, lakini ugomvi wa mke na mume hauhitaji mkalimani. Yule kijana akaninong'oneza hata hivyo: "Mama anasema ile ni pikipiki inayoona haya." Na kweli, vilima vyetu vya Pemba havifiki hata mita 100, ila havikupi nafasi ya kushusha pumzi, umemaliza kupanda unashuka, hujamaliza kushuka unapanda. Mama alikuwa amevipanda vyote kwa miguu yake, uso umeiva kama shokishoki. Mume shati kavu. Mume anadai ameona mandhari, mke anadai ameona mgongo wa mume.

Wazee wa barazani nao walishatoa hukumu yao. Hazina kerieri. Hazina madigadi. Hazina hata kengele. Walipoambiwa bei ya ile ya umeme, mzee mmoja akaigeuza kuwa ng'ombe, akapata zizi zima, akauliza: "Na kwa bei hiyo, mke unampakia wapi?"

Nikaomba nijaribu. Mume akasema "haya" kwa furaha.

Sasa sikiliza namna mwanamume wa kwetu anavyopanda baskeli. Hairukii ikiwa imesimama, kama mtoto anayepandishwa punda. Anaweka mguu wa kushoto kwenye pedeli, wa kulia anasukumia ardhi mara mbili tatu, chombo kikishachangamka ndipo mguu unapita nyuma kwa madaha hadi upande wa pili. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, hivyo ndivyo nimewafunza wanangu, na barazani watu walikuwa wamejaa. Kwenye kijioo cha usukani niliona pameandikwa "Turbo". Nikadhani ni jina la kiwanda, kumbe ndiyo nguvu ya mwisho ya mota.

Nikaweka mguu wa kushoto. Nikasukuma ardhi mara moja.

Ya pili sikuiwahi. Baskeli ilisikia uzito wangu wote juu ya pedeli, ikaelewa kwamba nina haraka, ikaondoka. Mguu wa kulia ulibaki nyuma unauliza tunakwenda wapi. Nikawa narukaruka kwa mguu mmoja kando yake kama mtu aliyefungwa kamba na fahali kwenye mchezo wa ng'ombe, na kadiri nilivyoegemea pedeli nisianguke, ndivyo ilivyoamini kwamba nataka zaidi. Mkono ukaenda nyuma kutafuta kerieri nijishikilie. Nakumbusha: hazina kerieri.

Sijui kwa kudra gani mguu ulipita, nikakaa. Nikasema alhamdulillahi, sasa mimi ndiye dereva. Mbele yangu ni mteremko wa kwenda bandarini, na anayeijua Wete anajua mteremko ule haukuulizi kama uko tayari. Nikaushika usukani kwa nguvu zote, vidole na vidole gumba. Chini ya kidole gumba cha kushoto kulikuwa na kijiti fulani.

Kiti kikazama.

Sitanii. Nilikuwa nimekaa juu, mara nikawa nimekaa chini, taratibu, kama mtu anayeshushwa kisimani. Magoti yakapanda yakalingana na masikio. Baadaye nilielezwa kwamba ni ufundi wa makusudi: ukishuka mlima unakishusha kiti kisikusukume mbele, na hata ya mke ilikuwa nacho kijiti hicho. Lakini wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba baskeli hii ina jini na jini lenyewe linanimeza.

Ikabaki breki. Hapa naomba mafundi wenzangu wanihukumu kwa haki. Baskeli zangu zote nazifunga breki ya mbele mkono wa kulia, ya nyuma mkono wa kushoto. Mteremkoni mtu mwenye akili haanzi na ya mbele, anaanza na ya nyuma, kwa upole. Nami pamoja na hofu yote akili ilinikaa sawa: nikaiacha ya kulia, nikaminya ya kushoto.

Kwa Waholanzi, ya kushoto ndiyo ya mbele. Na si breki ya chuma na raba kama zetu, inayokupa muda wa kutubu. Ni ya diski, ya mafuta. Gurudumu la mbele likasimama palepale. La nyuma halikupewa habari.

Nikaruka. Chini yangu niliona lami, nikaona ukingo, nikaona jamvi, nikaona mawili, kisha nikaona karafuu moja moja kwa ukaribu ambao sijawahi kuziona. Zilinipokea vizuri, sikuvunjika kitu. Ziliingia puani, masikioni na ndani ya shati, na kwa siku mbili kila nilipopiga chafya nyumba ilinukia pilau.

Nilipoinua kichwa, bibi mwenye majamvi alikuwa amesimama, mpini wa ufagio mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ondoka juu ya karafuu."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hizi leo siku yake ya tatu juani," akasema. "Mbichi kilo tatu ndiyo nipate kavu kilo moja. Sasa na mchanga umenitilia, nitauza nini?" Kisha akaitazama ile baskeli iliyolala, kioo chake bado kinawaka. "Na hicho kidude kinakwenda kwa nini?"

"Kwa umeme, bibi."

"Ala! Umeme tangu asubuhi haufiki kwangu, unatoka Tanga huko chini ya bahari. Kumbe umeshukia humu."

Mume alikuja mbio, anahema, mkono uko mfukoni kutafuta pochi. Bibi akakataa pesa. Akasema karafuu zitachambuliwa, na atakayezichambua yupo. Nikakaa kitako ukingoni mwa lami, natenganisha karafuu na kokoto, moja baada ya moja, mpaka adhana ya alasiri. Yule mama wa Kiholanzi alikaa akanisaidia, na nakiri ana vidole vyepesi kuliko vyangu. Mume aliambiwa apige picha tu.

Huku tunachambua, mama akanipa hesabu ambayo ningependa asingenipa mbele ya watu. Mota, akasema, ilikusukuma labda sekunde mbili. Ulipoacha kukanyaga nayo iliacha. Kilichobaki chote kilikuwa mteremko wa Wete, na kwa mteremko ule ungeanguka na ya kwangu pia. Kijana akatafsiri kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Tulipomaliza nikasema mimi ndiye niliyeishusha, mimi ndiye nitakayeipandisha. Heshima ilikuwa imebaki kidogo, nikaitaka hiyo hiyo. Nikazisukuma zile kilo 24 kilima chote, nasimama kila hatua kumi, shati limenigandia mwilini. Mume anatembea kando yangu anataka kusema jambo, nami namkatalia kwa mkono: hapana bwana, niache. Tulipofika chini ya mwembe akabonyeza kitufe kidogo pembeni ya usukani, na baskeli ikaanza kutembea yenyewe kando yake, polepole, kama punda aliyekula akashiba.

Barazani hakuna aliyecheka mara moja. Walisubiri niweke mgongo kwenye mwembe kwanza.

Siku hizi naitwa Fundi Tabo, hata na wateja wa Gando. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni yule bibi: karafuu zikianza kuanikwa, nikishuka bandarini kununua dagaa, kwa miguu yangu miwili, baskeli nimeiacha nyumbani, yeye akiniona tu naanza mteremko, anakunja majamvi.