Muziki leba: tusiupe kazi ya sindano

Ubishi kuhusu muziki wakati wa kujifungua umekwama mahali pamoja. Anayeutetea huutaja kama dawa ya maumivu, na anayeupinga humdai athibitishe kuwa ni dawa kweli. Kazi ya muziki leba ni nyingine: kushusha hofu na kumsaidia mama kuvumilia saa za kungoja. Kwa kazi hiyo tunauunga mkono. Kwa kazi ya sindano ya kutuliza maumivu, hapana.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, liliuweka muziki pamoja na mazoezi ya kupumua na kulegeza misuli miongoni mwa njia za kumpunguzia maumivu mjamzito mwenye afya njema anayeomba nafuu, kwa kufuata matakwa yake. Mwaka huohuo mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, yalionyesha kuwa uchungu unapoanza, waliosikiliza muziki walipata nafuu ya takriban alama 0.7 kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Uchungu ulipokolea, nafuu haikuonekana waziwazi. Majaribio yenyewe yalikuwa machache na madogo, na mama hawezi kufichwa kama anasikia muziki au la. Anayetarajia nafuu huelekea kutaja namba ndogo. Kwa hiyo mwenye shaka ana haki ya kuwa na shaka.

Lakini si kila jaribio lilipima kitu kimoja. Nchini Thailand, utafiti wa mwaka 2003 uliohusu wanawake 110 waliokuwa wakijifungua kwa mara ya kwanza ulitenganisha makali ya maumivu na dhiki inayoletwa na maumivu hayo. Waliosikiliza muziki laini usio na maneno kwa saa 3 walikuwa na nafuu katika yote mawili, ingawa maumivu yaliendelea kupanda kadiri uchungu ulivyosonga. Ile dhiki ndiyo tunayoitazama zaidi. Mama mwenye hofu hukaza taya, mabega na nyonga, adrenalini (homoni ya hofu) hupanda, na ikipanda mno mapema mikazo ya mji wa mimba inaweza kulegea. Tena, kwa nadharia ya lango ya watafiti wa maumivu Melzack na Wall ya mwaka 1965, taarifa za maumivu huchujwa kwenye uti wa mgongo kabla ya kufika kwenye ubongo, na ubongo wenyewe una sauti katika kuzibana au kuziachia. Mama akitulia, zinabanwa kidogo. Kidogo tu: mlango wa mji wa mimba ukishafunguka sentimita 8, na mikazo 4 ikija kila dakika 10, usitarajie wimbo ushindane nayo.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni kwamba kitu kisicho na gharama hugeuka kwa urahisi kuwa kisingizio. Mama anaomba dawa, anaambiwa asikilize muziki kwanza. Hapo tuko upande wao bila masharti. Mapendekezo yaleyale ya WHO yanataja pia ganzi ya mgongoni na dawa za jamii ya afyuni, yaani dawa kali za maumivu, kwa mama mwenye afya njema anayeziomba. Muziki unakaa kando ya dawa, haukai mbele yake.

Maandalizi ndiyo yanayoamua. Wimbo unaosikika kwa mara ya kwanza leba hauna kumbukumbu yoyote ya utulivu mwilini, basi mama aanze kuusikiliza mapema, tuseme wiki ya 32, dakika 20 kwa siku, huku akipumua taratibu na kulegeza mwili. Achague mwenyewe. Midundo 60 hadi 80 kwa dakika, isiyopanda ghafla, hufaa kupumzikia. Awe pia na orodha ya pili yenye mdundo wa kutembea na kuyumbisha nyonga. Wimbo uliofungamana na msiba au ugomvi uondolewe, hata kama ni mtamu. Nyimbo zipakuliwe kabisa na simu iwekwe katika hali ya ndegeni, maana tangazo au simu inayoita katikati ya mkazo humvuruga mama mara moja. Kwa anayejifungua mara ya kwanza uchungu uliokolea huweza kudumu hadi muda wa saa 12, kwa hiyo betri ya akiba inahitajika, na vipindi vya kimya pia, sikio huchoka.

Spika ndogo ya betri ni bora kuliko nyaya zinazojinyonga kwenye mpira wa dripu. Pakiwa na wazazi wengine, mama atumie spika zake mwenyewe za masikioni, sikio moja tu, ili amsikie mkunga. Mkunga naye husikiliza moyo wa mtoto kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukiwa umekolea, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma. Muziki uzimwe kila anapoinama kusikiliza, bila kungoja aombe.

Simu ishikwe na msindikizaji, lakini uamuzi ni wa mama. Wapatane mapema ishara ya mkono ya kuzima. Karibu na kusukuma, wanawake wengi hawataki tena sauti ile iliyowatuliza saa mbili kabla. Msindikizaji azime papo hapo, asibembeleze wala asipendekeze wimbo mwingine.

Damu ikitoka kwa wingi, kichwa kikiuma sana huku macho yakiona ukungu, au tumbo likibaki gumu na lenye maumivu hata kati ya mkazo na mkazo, mkunga aitwe mara moja. Maumivu yasiyoachia hayatulizwi kwa wimbo: huenda kondo la nyuma linabanduka, au mji wa mimba unachanika.