Njuga Juu ya Dari

Kila nikipiga simu nyumbani Tanga naulizwa lile lile: "Shah Rukh Khan umeshamwona?" Nimwone wapi, jamani? Yeye anakaa Mumbai, mimi Bengaluru, kusini mwa India, katikati yetu kuna karibu kilomita 1,000. Lakini ukieleza hivyo unaonekana una roho mbaya, umemwona ila hutaki kusema.

Na kile Kihindi changu nilichokiokota kwenye kibanda umiza utotoni? Hapa hakinunui hata kitunguu. Kwanza wenyeji wanaongea Kikannada. Pili, sentensi zote nilizotua nazo ni za kumbembeleza binti chini ya mti au kumtishia jambazi aliyeua baba yangu. Hakuna filamu iliyowahi kunifundisha kuulizia bei ya nyanya. Siku za mwanzo nilimrushia dereva wa bajaji moja ya zile za kumbembeleza binti, nikidhani namsalimia. Akanitazama, akanijibu kwa Kiingereza.

"Saar, mia mbili."

"Na mita je, anna?"

"Mita ipo, saar," akasema, akaipapasa kwa upole. "Lakini foleni nayo ipo."

Hapo sikuwa na la kusema, maana foleni ya Bengaluru haina mtetezi. Mwaka 2019 wale jamaa wa TomTom wanaopima msongamano wa magari duniani waliipa namba moja. Nenda pale makutano ya Silk Board jioni ujionee: kijana amepakiwa nyuma ya pikipiki, laptopu iko mapajani, masikio yamezibwa, anaendesha kikao cha ofisi na anamkaripia mtu. Agosti 2025 wakafungua njia ya manjano ya metro, inapita hapo hapo juu, na treni zake zimeundwa ziweze kwenda bila dereva. Tukashangilia. Ikaanza na treni 3, moja kila dakika 25. Dereva hahitajiki, na treni yenyewe ndio hivyo.

Sasa katika jiji hili hili, sikia mtu alichofanya. Mwaka 2004 mwigizaji Arundhati Nag na wenzake walifungua ukumbi wa maigizo kule JP Nagar, ukaitwa Ranga Shankara, kwa kumbukumbu ya mumewe Shankar Nag aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1990. Shankar Nag ni yule ambaye picha yake utaikuta imebandikwa kwenye bajaji za hapa, maana aliwahi kuigiza dereva wa bajaji na wenyewe wakamchukua jumla. Ukumbi ule una sheria moja isiyo na mjomba: saa ya onyesho ikifika, mlango unafungwa. Uwe waziri, uwe mkwe wa waziri, utabaki nje unasoma mabango. Jiji ambalo hakuna anayejua atafika saa ngapi, na ukumbi wake haujui neno "kidogo tu".

Mimi naiunga mkono sheria ile, na ndiyo inayonitoa nyumbani alasiri kwenda kuona mchezo wa saa moja na nusu usiku. Nikifika mapema nakaa mkahawani kwao natafuna sabudana vada, nawatazama wanaokuja mbio, kiatu kimoja mkononi, wakimlaani dereva. Raha yake haisemeki. Mchezo wenyewe ukiwa wa Kikannada nacheka wenzangu wanapocheka, nanyamaza wanaponyamaza, na hakuna aliyewahi kunishtukia. Tiketi niliyokata mara ya mwisho ilikuwa rahisi kuliko nauli ya kuifuata. Ndivyo jiji lilivyo: nyumba ghali, maji ya Mto Cauvery yanasukumwa kutoka kilomita kama 100 na bado Machi 2024 tuliyakimbilia magari ya maji na ndoo, ila sanaa utaipata kwa bei ya chapati.

Nyingine ni bure kabisa. Kila Januari, Jumapili moja, Barabara ya Kumara Krupa inafungwa, magari marufuku, na wachoraji zaidi ya elfu moja wanatandaza kazi zao ukutani na kwenye lami. Wanaita Chitra Santhe, yaani gulio la picha, linaandaliwa na chuo cha sanaa cha hapo hapo, Chitrakala Parishath, tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Kuna picha ya rupia 100 na kuna ya malaki. Shangazi yangu alikuwa amekuja kutibiwa goti, maana Watanzania wengi India tunaijua kwa hospitali kabla ya kitu kingine, nikaona nimtembeze.

"Hiyo ya tembo bei gani?"

"Elfu nne, amma."

"Mwambie mia tano."

"Shangazi, hapa si Mwenge kwenye vinyago."

"Wewe mwambie, baba. Mwenye mali atajisemea."

Nikasema huku nimeangalia pembeni. Mchoraji akacheka, akataja elfu tatu, shangazi akaondoka kwa ule mwendo wa kuitwa. Hakuitwa. Akanuna hadi mbele kidogo, tulipomkuta kijana mwanafunzi anachora watu sura zao kwa penseli. Akakaa kwenye kigoda, akatandaza khanga, akainua shingo kama anapigwa picha ya pasipoti. Kijana akachora, umati umezunguka, kila mtu anatikisa kichwa ule mtikiso wa huku ambao mpaka leo sijajua ni ndiyo au hapana. Akageuza karatasi.

Shangazi akaisogeza karibu na macho. "Videvu hivi vya nani?"

"Vyako, shangazi."

"Mwambie afute kimoja."

Akafuta, bila ubishi, akapuliza vumbi la kifutio, akaipamba na herini ambazo shangazi hakuvaa. Akalipwa bei kamili na nyongeza juu. Goti nalo likapona, lakini huko Tanga hadithi inayosimuliwa ni ya kidevu.

Hayo ni mazuri. Kilio changu kiko juu ya dari.

Nilipokuwa natafuta nyumba, mwenye nyumba alinihoji kuliko uhamiaji. Unakula nyama? Unapika samaki? Una wageni? Halafu akataka amana ya miezi 10, jambo la kawaida huku, na sisi wa Bongo tunaolilia kodi ya miezi 6 tukae kimya. Nikasaini kwamba nyumba yake haitanuka samaki. Mtu wa Tanga! Nilitia saini kama ninayeasi ukoo.

Hakuniambia kwamba ghorofa ya juu anaishi mwalimu wa bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India. Jumamosi na Jumapili, saa moja asubuhi, mabinti wanapanda ngazi na njuga zao mkobani. Mwalimu anagonga gongo kwenye kipande cha ubao, anaimba "tai ya tai hi", na miguu yote inashuka kwa pamoja. Pangaboi langu linacheza. Chokaa inadondoka kwenye chai. Nikampigia mwenye nyumba.

"Anko, juu kuna kelele."

"Hizo si kelele, ni utamaduni."

"Na samaki wangu je?"

"Samaki ni harufu."

Basi. Nikazoea, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Siku hizi nikikata kitunguu kisu kinakwenda tai ya tai hi. Kituoni nikisubiri basi, kisigino kinagonga chenyewe, watu wananipisha.

Juzi juzi nikaletewa kadi kubwa kuliko za harusi. Binti wa kwanza wa jirani anafanya rangapravesha, ile siku mwanafunzi anapanda jukwaani peke yake mara ya kwanza, na mwimbaji, fidla na ngoma ya mridangam ya kweli pembeni. Nikaenda kwa ajili ya chakula, sitaki kuzunguka. Binti akacheza zaidi ya saa mbili. Ikafika ile varnam, kipande kirefu kinachowatoa jasho wote, nikashtuka: hatua zile nazijua! Kila kishindo, kila kituo, kila mahali pangaboi langu huwa linapoinama kushoto. Ngoma yote nilikuwa naijua kwa upande wa chini, siku ile ndiyo nikaiona kwa juu. Nilipiga makofi mpaka mama mmoja akaniuliza kama mimi ni ndugu wa familia.

Baadaye tukakalishwa kwenye jani la mgomba, wali wa dengu uitwao bisi bele bath na chapati tamu za holige mpaka mkanda ukalegea. Nikamfuata baba mtu kumpongeza, moyoni nikihesabu Jumapili za kulala mpaka saa nne.

"Hongera sana, mzee. Sasa binti atapumzika?"

"Huyu atapumzika, ana mitihani," akasema, akamvuta mbele yangu kadogo kamoja kenye mapengo. "Huyu mdogo wake ndiyo anaanza Jumamosi. Amesema anataka kugonga miguu kuliko dada yake."