Namba 150 Inatoka Wapi?

Ripoti ya mradi wa mwaka wa tano, uhandisi wa ujenzi. Jengo la ghorofa nne, mahali ni Nyamasaria, Kisumu. Jalada gumu, maandishi ya dhahabu, kurasa mia na ushee. Mihimili imepigiwa hesabu kwa programu, michoro ya nondo imenyooka, na kuna picha ya rangi ya jengo lenyewe likiwa na minazi mbele yake. Minazi, Nyamasaria! Sawa. Halafu unafika ukurasa wa msingi, mstari mmoja tu: "Uwezo wa udongo kubeba mzigo umekadiriwa kuwa kilonyutoni 150 kwa mita mraba." Basi. Aya inayofuata ni nguzo.

Umekadiriwa na nani? Baada ya kutazama nini? Fungua ripoti ya mwaka uliotangulia, 150. Ya mwaka ule mwingine, jengo liko Kakamega, 150. Nyingine iko Nakuru, juu ya majivu ya volkano ambayo ukiyamwagia maji yanajikunja na kushuka, nayo pia 150. Inaelekea Mungu aliumba nchi kutoka Menengai kule Nakuru hadi Dunga ya Kisumu kwa udongo wa aina moja, akaugonga muhuri.

Tuanze na hesabu ambayo mwanafunzi mwenyewe anaiamini. Nguzo inashusha kilonyutoni 330. Gawa kwa 150 upate mita mraba 2.2, kwa hiyo pedi ya zege chini yake, mita 1.5 kwa 1.5, inatosha. Sasa udongo ukiwa na nusu ya uwezo huo, 75, unahitaji mita mraba 4.4, yaani pedi ya mita 2.1 kila upande. Zege limeongezeka, nondo zimeongezeka, shimo limepanuka, na pedi za jirani zimekaribiana hadi unaanza kujiuliza kama si afadhali kumwaga bamba moja chini ya jengo zima. Mstari mmoja wa kukadiria umebadilisha aina ya msingi. Zile kurasa mia za mihimili zinasimama juu ya mstari huo.

Na hilo bado ndilo kosa dogo. Kubwa ni kwamba kwenye uwanda wa Kano, huko mashariki ya Kisumu, namba hiyo hata ingekuwa sahihi, inajibu swali ambalo udongo haujauliza. Udongo mweusi wa huko unazama, ndiyo, lakini kinachoua nyumba nyingi ni kuinuka. Nenda Ahero mwezi wa Februari. Ardhi imepasuka, nyufa zinameza mkono, jembe linaruka kama limegonga mwamba. Ukipima uwezo wake siku hiyo utapata namba ya kujivunia. Rudi mwisho wa Aprili: nyufa zimeziba, udongo umekunywa maji na kuvimba, na kiatu kimebaki nyuma yako. Msukumo wa kuvimba unaweza kupita kilonyutoni 100 kwa mita mraba. Sakafu ya nyumba ya kawaida ya chini inakandamiza udongo kwa kilonyutoni kumi hivi. Nani atamshinda mwenzake hapo?

Ndiyo maana nyumba nyepesi ndizo huumia zaidi, jambo ambalo wanafunzi hulikataa hadi uwachoree. Mvua ikija, maji huingia kwanza chini ya kingo za nyumba. Katikati, chini ya sakafu, bado pakavu. Kingo zinapanda, katikati pamebaki. Mlango unaanza kugoma, kisha ufa unatoka kwenye kona ya dirisha ukishuka ngazi ngazi kwa kufuata viungo vya matofali. Kiangazi kikirudi ufa unajifunga kidogo, mwenye nyumba anaupaka plasta na kulaumu fundi kwamba aliiba saruji. Msimu unaofuata ufa uko palepale. Saruji haikuibiwa, baba.

Kipimo cha kukuonyesha haya yote kinahitaji silinda moja ya mililita 100. Kausha udongo, uponde, uupitishe kwenye chujio la milimita 0.425. Pima mililita 10 bila kuushindilia. Umimine polepole ndani ya silinda yenye maji, uache hadi kesho yake, usome umefika wapi. Ukisimama kwenye 12, lala usingizi. Ukifika 16, umevimba kwa asilimia 60, na kuanzia asilimia 50 hivi ni wakati wa kuwa na wasiwasi. Ukipita 20, yaani umezidi maradufu, weka kalamu chini, sahau pedi zako za mita 1.5. Kinachoharibu hapa ni haraka: ukiumwaga wote kwa mkupuo unanasa hewa na kuelea vipande vipande, na ukisoma saa moja baadaye maji yakiwa bado na tope, unasoma tope.

Kisha vile vipimo vya Atterberg, vya kujua udongo unageuka tope kwa maji kiasi gani, ambavyo kila mtu amevifanya mwaka wa tatu na hakuna anayevikumbuka. Kikombe cha Casagrande, kinachobeba tope lililokatwa mfereji katikati, kinapaswa kuanguka milimita 10 kamili, na mfereji ujifunge kwa urefu wa milimita 13 baada ya mapigo 25. Hebu niulize: ni lini mara ya mwisho mtu yeyote katika maabara yenu kupima ile milimita 10? Mpini wa kisu cha kukatia mfereji umetengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Kikombe kilicholegea kinaanguka milimita 8, mapigo yanaongezeka, na udongo wako unaonekana wa ajabu kuliko ulivyo. Kosa la upande wa pili ni kuchanganya maji asubuhi na kupima asubuhi hiyohiyo. Udongo mzito wa mfinyanzi unahitaji kufunikwa na kuachwa siku nzima ili maji yaingie hadi ndani ya chembe. Ukiuharakisha, unajificha.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kusinyaa. Kihori cha shaba cha urefu wa milimita 140, umbo la bomba lililopasuliwa katikati. Unakipaka grisi, unajaza udongo laini, unagonga gonga hewa itoke, unauacha ukauke taratibu kisha unaumalizia kwenye tanuri. Ukiuingiza kwenye tanuri ukiwa mbichi unapasuka vipande na huna cha kupima. Udongo mwekundu wa milimani unasinyaa kidogo na kutulia. Udongo wa Kano unatoka umejikunja kama ndizi. Ukipima ukakuta milimita 119, umepoteza asilimia 15 ya urefu wake mbele ya macho yako. Mwanafunzi aliyeshika ndizi hiyo mkononi haandiki tena "umekadiriwa".

Kwa wanafunzi wa barabara, ugonjwa ni uleule ila umevaa koti jingine. Sampuli ya CBR, kipimo cha nguvu ya udongo chini ya barabara, inatakiwa kulowekwa siku 4. Darasa la maabara ni Alhamisi, wikendi iko karibu, basi sampuli inapimwa kavu na kupata 15 au 18, kumbe ikilowekwa ni 3. Katika mwongozo wa barabara wa Kenya wa 1987, CBR ya 2 hadi 5 ni daraja la S1, la mwisho kabisa, na kwa udongo unaovimba jibu la kawaida ni kuuondoa au kuutibu, wala si kuongeza maramu juu na kuomba dua. Tena ile geji inayosimama juu ya moldi wakati wa kuloweka, inayoonyesha sampuli imepanda milimita ngapi, haisomwi. Kwa udongo huu ndiyo habari yenyewe!

Tiba zipo na si siri. Ukiutibu kwa chokaa, asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu ndipo pa kuanzia majaribio. Chokaa kwanza, si saruji, kwa sababu saruji haichanganyiki na madonge yale yanayonata. Chokaa huukata ule unato, udongo ukawa kama unga wa kusaga, hasa ukiuacha siku moja kabla ya kushindilia. Kwa nyumba, unaondoa tabaka jeusi kama si nene, au unaweka nguzo za chini hadi kwenye tabaka tulivu na kuacha nafasi tupu chini ya mihimili ya ardhini ili udongo uvimbe bila kugusa kitu. Halafu mambo madogo ambayo hayamo kwenye programu yoyote: mifereji ya paa isimwage maji ukutani, sakafu ya nje ya mita 1 au 1.5 kuzunguka nyumba, na usipande mikaratusi karibu na ukuta. Mkaratusi unanyonya maji upande mmoja wa nyumba, na nyumba inainamia huko.

Najua nitajibiwa nini. Kuchimba kisima cha uchunguzi kwa mashine ni ghali, mwanafunzi atatoa wapi? Kweli. Madarasa ni makubwa, watu 15 wanazunguka mashine moja, mmoja anazungusha mpini na 14 wanapiga picha ya jedwali. Hilo nalo ni kweli, na si kosa la mwanafunzi. Programu pia sina ugomvi nazo. Hakuna mwenye akili atakayepiga mihimili 40 kwa mkono. Lakini shimo la mita 2 linachimbwa kwa sururu, jembe na vijana wawili, asubuhi moja. Kipimo cha DCP, cha kujua ugumu wa udongo, ni nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575 na fimbo yenye ncha. Haya hayahitaji wafadhili.

Na walimu? Tunaofundisha zege kwa BS 8110, kanuni ambayo Waingereza wenyewe waliiacha 2010, hatuna uso wa kumcheka mwanafunzi kwa kunakili. Mafunzo ya nyanjani ya kubeba faili na kununua chai, hayo tutayazungumza siku nyingine.

Kinachouma ni kwamba eneo hili ni maabara ya bure. Panda matatu Ahero, pita Kisumu, panda mlima hadi Kiboswa, endelea hadi Kakamega. Kwa nauli hiyo umetoka kwenye udongo mweusi wa uwanda, ukapita mawe makubwa ya matale ya Maragoli, ukaingia kwenye udongo mwekundu unaokaa wima kwenye ukingo wa barabara uliokatwa miaka mingi iliyopita. Upande wa pili, kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo la Solai lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Bado kuna wanaomaliza miaka 5 bila kupima hata mara moja maji yanapenya udongo ulioshindiliwa kwa kasi gani. Mabwawa ya udongo wameyaona kwenye mchoro mmoja, ubaoni, wiki ya mwisho kabla ya mtihani.

Kwa hiyo, wa mwaka wa tano mnaoanza miradi: mkichukua sampuli ya unyevu, ifungeni ndani ya mifuko miwili ya nailoni hapohapo shimoni, maana ikipanda matatu ikiwa wazi inafika maabara ikiwa udongo mwingine. Andikeni kina, rangi, na mwezi. Mwezi hasa. Kwenye utetezi wa mradi swali la kwanza litakuwa kama shimo lilichimbwa Februari au Aprili, na 150 si jibu.