Usiing'oe Redio Iliyokuja na Gari: Iongezee Moduli ya Simu

Gari likitunzwa vizuri hudumu miaka kumi na tano au zaidi, ilhali simu hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Tofauti hiyo ya umri ndiyo inayoifanya redio ya gari ichakae machoni mwa mwenyewe mapema kuliko injini, viti na hata rangi ya bodi. Akishachoka na ramani isiyozijua barabara mpya, wazo la kwanza linalomjia ni kuing'oa redio hiyo na kuweka nyingine yenye skrini kubwa inayong'aa. Mimi naamini kwamba, kwa magari mengi yaliyotoka kiwandani na skrini yake, huko ni kuharibu kitu kizima, na kwamba moduli ndogo inayofichwa nyuma ya dashibodi ili skrini ileile iweze kuonyesha yaliyomo kwenye simu ni uamuzi bora zaidi.

Historia fupi ya plagi inaeleza sababu ya kwanza. Magari mengi ya muongo wa 2000 yalikuja na waya wa iPod wenye plagi pana ya pini 30, mara nyingi ukiwa umefichwa ndani ya droo ya dashibodi. Mwaka 2012 Apple ilileta plagi ya Lightning na waya ule ukakosa cha kuchomekwa. Mwaka 2023 simu zake mpya zikahamia USB-C. Magari hayakuwa na ubovu wowote, ila sehemu yenye umri mfupi ilikuwa imeshonewa ndani ya kitu chenye umri mrefu. CarPlay ya Apple na Android Auto ya Google, yaani programu zinazoonyesha yaliyomo kwenye simu katika skrini ya gari, ambazo zote mbili zilitangazwa mwaka 2014, zilileta mgawanyo wa kazi wenye busara zaidi: simu hufanya hesabu zote, na gari hutoa skrini, spika, maikrofoni na vitufe vya usukani. Ramani inakuwa mpya kwa sababu inakaa kwenye simu, na simu ndiyo inayosasishwa.

Moduli hufanya kazi kwa kukaa katikati. Katika magari mengi ya aina hii, kati ya sanduku la redio na skrini hupita waya wa picha wa LVDS. Fundi huuchomoa, huuchomeka kwenye moduli, kisha hutoa waya mwingine kutoka kwenye moduli hadi kwenye skrini. Waya wa pili huiunganisha moduli na mtandao wa CAN, yaani njia ya mawasiliano ya vifaa vya gari ambayo Bosch iliitambulisha mwaka 1986, na kupitia njia hiyo moduli husikia kila kitufe kinachobonyezwa. Dereva akibonyeza kitufe fulani kwa sekunde chache, picha ya redio huondoka na picha ya simu huingia; akiingiza gia ya kurudi nyuma, moduli hujiondoa ili kamera ya nyuma ionekane. Ikifungwa vizuri, mtu aliyeketi kando ya dereva hatagundua kwamba kuna kitu kilichoongezwa.

Wanaopendekeza redio mpya husahau kwamba katika magari ya kisasa kifaa kile kimeacha kuwa redio tu. Mlio wa sensa za kuegeshea hupitia humo. Mipangilio ya kiyoyozi, ya taa na ya milango huonyeshwa humo. Katika magari mengi ya Ulaya, redio na amplifaya huwasiliana kwa faiba ya plastiki katika mfumo wa MOST, ambao umepangwa kama pete: ukikiondoa kifaa kimoja bila kuziba pengo lake, pete hukatika na mfumo wote wa sauti hunyamaza. Nimeyaona magari mazuri ambayo, baada ya kuwekewa skrini ya kuvutia, yalipoteza milio ya kuegeshea na kubaki na taa ya hitilafu isiyozimika. Mwenye gari analipa ili apate kitu kimoja, na anapoteza vitatu ambavyo hakujua kwamba vilikuwa vinategemea sanduku lile.

Kuhusu sauti, lazima niseme ukweli kamili, kwa sababu hapa ndipo moduli zinapopungukiwa. Nyingi hupeleka muziki kwenye redio kupitia tundu la AUX, yaani tundu la kuingizia sauti ya kifaa cha nje, na magari mengine yanahitaji tundu hilo liamshwe kwanza kwa kompyuta ya uchunguzi. Sauti ya AUX inatosha kabisa kwa maelekezo ya njia na kwa mazungumzo, na kwa masikio ya watu wengi inatosha kwa muziki pia, lakini huweza kubeba mvumo mwembamba wa altaneta unaopanda na kushuka kadiri injini inavyozunguka. Mvumo huo mara nyingi hutokana na moduli na redio kupata waya wa hasi mahali tofauti, na mara nyingi huisha zikiunganishwa mahali pamoja. Vile visambazaji vidogo vya FM vinavyochomekwa kwenye tundu la sigara sivijadili kwa urefu: hushindana na vituo vya redio, na daima hushindwa pale mawimbi yanapojaa. Kati ya kuunganisha simu kwa waya na bila waya, mimi nachagua waya kwa safari ndefu, kwa sababu muunganisho usio na waya hutumia Wi-Fi muda wote, huipasha simu joto na kuimaliza chaji.

Ufungaji ndio unaoamua kama kifaa kitasifiwa au kitalaaniwa. Ubavuni mwa moduli nyingi kuna safu ya vijiswichi vidogo vyeupe, kila kimoja kikiwa na namba yake, vinavyotumika kuiambia moduli aina ya gari na ukubwa wa skrini. Kimoja kikikaa vibaya, picha hutoka imepinda, imejirudia mara mbili, au haitoki kabisa, na fundi asiye mvumilivu huanza kulaumu skrini. Fremu za dashibodi zifunguliwe kwa vifaa vya plastiki, kamwe si kwa bisibisi, na betri ichomolewe kabla ya plagi yoyote kuguswa. Nashikilia sharti moja bila kulegea: waya wa gari usikatwe. Moduli nzuri huja na plagi zinazoingia kwenye plagi za gari, ili siku ya kuiondoa kila kitu kirudi kilivyokuwa. Kabla ya kurudisha fremu, kila kitu kijaribiwe: picha, sauti, maikrofoni, vitufe vya usukani na kamera. Moduli yenyewe izungushiwe sponji, la sivyo itakuwa ikigongagonga kila gari linapopita kwenye mashimo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni usingizi wa moduli, yaani kuacha kwake kuvuta umeme mwingi gari linapozimwa. Gari lililozimwa na kufungwa linapaswa kuvuta umeme mdogo sana, kwa kawaida chini ya miliampea 50. Moduli isiyolala ikivuta miliampea 200, basi katika siku 10 itakuwa imemaliza ampea-saa 48, kiasi kinachotosha kuiangusha betri ya ampea-saa 60. Ndiyo maana fundi makini hupima mkondo huo kwa mita baada ya kulifunga gari na kulisubiri litulie, na mwenye gari ana haki ya kuomba aonyeshwe namba iliyosomwa.

Naijali mada hii kwa sababu ya usalama kuliko burudani. Mwongozo uliotolewa na NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, mwaka 2013 kwa vifaa vilivyofungwa ndani ya gari unashauri kwamba dereva asiondoe macho barabarani kwa zaidi ya sekunde 2 kwa mtazamo mmoja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa kazi nzima. Simu iliyolala kwenye paja haiwezi kutimiza kipimo hicho hata kidogo, ilhali ramani iliyo mbele ya dereva, inayotii amri za sauti na kitufe cha usukani, ina nafasi ya kukitimiza.

Si kila gari linastahili moduli. Gari lenye redio ya kawaida isiyo na skrini, iliyokaa kwenye tundu la milimita 180 kwa 50 na isiyobeba kazi nyingine yoyote, libadilishiwe redio bila wasiwasi, kwani hapo hakuna cha kupoteza. Kwa mengine, anayenunua moduli ahakikishe kwamba programu yake inaweza kusasishwa kwa USB, kwa kuwa toleo jipya la mfumo wa simu huweza kuuvunja muunganisho uliokuwa ukifanya kazi jana. Muuzaji asiyeweza kuonyesha programu hiyo inapopatikana, mimi singenunua kwake.